Mshono mmoja kwa siku: Tujifunze kudarizi kwa mkono

Wiki hii tuache kidogo mambo ya jikoni na malezi, tushike sindano. Najua wapo watakaosema kudarizi ni kazi ya bibi zetu na kwamba siku hizi mashine inamaliza kila kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo, na nimelipa gharama yake. Ngoja nianze na kisa changu, kisha tuingie kwenye kazi.

Nilipoolewa, mama yangu alinipa mashuka mawili na foronya nne alizodarizi kwa mkono wake. Kitambaa kilikuwa marekani nyeupe, na maua mekundu yenye majani ya kijani yalizunguka pindo lote. Alianza kazi hiyo siku alipoletewa barua ya uchumba. Akashona kila jioni baada ya kutoka shamba, taa ya chemli ikiwa pembeni. Shuka la pili lilibaki na kona moja haijamalizika, kwa sababu uzi wa kijani uliisha na dukani kwao Muheza haukuwepo mwingine wa rangi ileile. Akaniambia, "Mwanangu, hii kona nitakuja kuimaliza kwako."

Mimi wakati huo nilikuwa nimenunua mashuka ya dukani, yale ya kung'aa, yaliyokuwa yanavuma mjini. Niliona aibu kutandika ya mama. Nikayakunja, nikayatia kwenye sanduku la bati chini kabisa, na kila mama alipokuja kututembelea Morogoro, alikuta mashuka ya dukani kitandani. Hakuwahi kuniuliza. Ile ya kung'aa ilichanika baada ya miaka mitatu. Ya mama yalikaa sandukuni zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka jana binti yangu wa kidato cha tatu alifungua lile sanduku akitafuta blanketi. Akatoka na shuka mkononi: "Mama, hili kashona nani? Nifundishe." Nikashika ile kona isiyomalizika, nikaiangalia, nikashindwa. Shuleni kwenye kipindi cha sayansi kimu nilikuwa mtu wa kupiga soga tu. Mama anakaa kwetu siku hizi, lakini macho yake yamepungua nguvu, anaona mwanga na vivuli. Sindano haitungi tena. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja kulikuwa na anayejua lakini haoni, na sisi tunaoona lakini hatujui.

Mama alisikia tukizungumza. Akasema, "Leteni hapa. Mkishona, mtanipa nipapase upande wa nyuma. Nyuma haifichi kitu." Ndivyo tulivyoanza, mimi na binti yangu, wanafunzi wa darasa moja. Haya ninayokuandikia leo ndiyo tuliyojifunza mkekani kwa mama, mshono mmoja kwa siku.

Vifaa vya kuanzia

Habari njema ni kwamba kazi hii haihitaji mtaji mkubwa. Unahitaji vitu sita tu.

Cha kwanza ni kitambaa. Anza na pamba, kwa sababu haitelezi na sindano hupita kirahisi. Marekani inafaa sana. Kitambaa hicho kilipata jina lake kutokana na vitambaa vya pamba vilivyoletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19. Kama huna, kipande cha shuka la zamani la pamba kinatosha kwa mazoezi. Hariri na vitambaa vinavyovutika viache kwanza.

Cha pili ni nyuzi za kudarizi. Usitumie uzi wa cherehani kwa maua, ni mwembamba mno na hautajaza. Uzi wa kudarizi huuzwa kwa vicha. Kicha cha kawaida kina urefu wa mita 8, na ukiangalia ncha yake utaona kina nyuzi ndogo 6 zilizokaa pamoja. Unazitenganisha kulingana na kazi: nyuzi 2 kwa kazi laini, 3 kwa maua ya kawaida, na zote 6 kama unataka mstari mnene. Unapozitenganisha, vuta uzi mmoja mmoja kwa kwenda juu huku umeshikilia nyingine. Ukizivuta zote kwa pamoja zitafungana.

Cha tatu ni sindano yenye tundu refu na ncha kali. Namba ya sindano ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Kwa anayeanza, namba 7 au 8 inafaa kwa nyuzi 2 au 3.

Cha nne ni fremu ya mviringo, zile duara mbili za mbao au plastiki, moja inaingia ndani ya nyingine na kukaza kitambaa. Nunua ya sentimita 15 hivi, inayotosha kiganjani. Kitambaa kikaze mpaka ukikigonga kwa kidole kitoe sauti kama ya ngoma ndogo. Ukimaliza kushona kwa siku hiyo, toa fremu. Ukiiacha siku nyingi itaacha alama ya duara ambayo haitoki kirahisi.

Cha tano ni mkasi mdogo wenye ncha, na usiutumie kukatia karatasi. Cha sita ni penseli na karatasi ya kaboni kwa kuhamishia mchoro. Ukiwa na subana, kile kikofia cha kidole, kidole chako kitakushukuru, lakini si lazima.

Na mwanga! Mama anasema aliharibu macho kwa taa ya chemli. Sina uhakika kama ndiyo sababu, lakini hakuna haja ya kujitesa. Shona mchana karibu na dirisha au mlangoni, na kila baada ya nusu saa nyanyua kichwa uangalie mbali. Kama umefika umri wa kusogeza gazeti mbali ili usome, tafuta miwani ya kusomea kwanza kabla ya kununua uzi.

Maandalizi kabla ya mshono wa kwanza

Fua kitambaa kipya, kikaushe na ukipige pasi. Pamba mpya hurudi ikifuliwa. Ukidarizi kabla ya kufua, kitambaa kitarudi lakini uzi hautarudi sawasawa nacho, na ua lako litajikunja kama jani lililopigwa na jua.

Pima uzi kama unachuja rangi, hasa mwekundu na mweusi. Lowanisha kipande kidogo cha uzi, kibane kwenye kitambaa cheupe kwa dakika chache. Ukiona rangi, usiutumie kwenye kitambaa cheupe.

Hamisha mchoro. Njia rahisi ni kubandika mchoro kwenye kioo cha dirisha mchana, weka kitambaa juu yake, mistari itaonekana, ifuate kwa penseli taratibu. Kitambaa kikiwa kizito, tumia karatasi ya kaboni. Usichore kwa kalamu ya wino, haitoki.

Kata uzi wa urefu wa dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Hicho ni kipimo cha bibi zetu, na mpaka leo hakijapitwa. Uzi mrefu zaidi unajisokota, unafunga mafundo na kuchakaa kabla hujaumaliza. Binti yangu alikata wa mita nzima ili "asitunge tunge". Alitumia saa nzima kufungua mafundo.

Mwisho, usifunge fundo mwanzoni. Acha mkia wa uzi kama sentimita 5 upande wa nyuma, na mishono yako ya kwanza ipite juu yake kuushikilia. Ukimaliza uzi, pitisha sindano nyuma chini ya mishono mitatu au minne, kisha kata. Fundo huacha uvimbe ukipiga pasi, na likifunguka kazi yote inatoka. Mama alipokuwa akipapasa nyuma ya kazi zetu, fundo ndilo lilikuwa kosa la kwanza alilolikuta. "Hapa umeweka kokoto," alikuwa anasema.

Mishono minane inayotosha

Mishono ya kudarizi ni mingi, lakini minane tu inatosha kupamba nyumba nzima. Maelezo haya ni kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze upande.

1. Bandi. Huu unaujua, ni uleule wa kushikizia nguo kabla ya cherehani. Sindano inatoka juu, inaingia chini, inatoka tena mbele, kwa hatua sawa. Kila mshono uwe kama punje ya mchele. Unaonekana rahisi, lakini usawa ndio mtihani. Chora mistari mitano, uishone yote kwa bandi kabla ya kwenda kwenye mshono wa pili.

2. Kurudi nyuma. Huu unatoa mstari usio na nafasi, mzuri kwa kuandikia majina. Toa sindano hatua moja mbele ya mwanzo wa mstari, rudi nyuma uiingize pale mwanzo. Sasa itoe hatua moja mbele ya pale uzi ulipotokea, urudi nyuma uiingize kwenye tundu lilelile la mshono uliopita. Endelea hivyo, kwenda mbele chini ya kitambaa na kurudi nyuma juu yake.

3. Shina. Ndio mshono wa vijiti vya maua, unafanana na kamba iliyosokotwa. Unashona kutoka kushoto kwenda kulia. Toa sindano mwanzoni, ingiza hatua moja mbele, kisha itoe katikati ya mshono huo, uzi ukiwa umelala upande wa chini wa sindano. Mshono unaofuata nao uingie hatua moja mbele, na sindano itokee pale mshono uliotangulia ulipoishia. Uzi ukae upande wa chini siku zote. Ukiubadilisha njiani, kamba yako itavunjika hapohapo. Hapa mama alitufundisha siri: nyuma ya mshono wa shina hufanana na mshono wa kurudi nyuma, na nyuma ya kurudi nyuma hufanana na shina. Akipapasa nyuma na kukuta mstari mmoja ulionyooka, anajua mbele shina limekaa.

4. Mnyororo. Toa sindano, laza uzi uwe kitanzi na ukishikilie kwa kidole gumba cha kushoto. Ingiza sindano palepale ilipotokea, itoe mbele kidogo ndani ya kitanzi, uzi ukiwa chini ya ncha ya sindano. Vuta polepole, kitanzi kitakaa. Kinachofuata kianzie ndani ya hiki. Mwishoni, funga kitanzi cha mwisho kwa mshono mdogo unaokipita juu. Ukivuta kwa nguvu, kitanzi kinabana na kitambaa kinakunjamana. Uache upumue.

5. Petali. Ni kitanzi kimoja cha mnyororo kinachofungwa peke yake kwa mshono mdogo kwenye ncha. Zungusha vitano kutoka katikati, umepata ua. Watoto wanaupenda huu kwa sababu matokeo yanaonekana haraka. Ukitaka kumvuta mtoto kwenye sindano, mwanzishie hapa.

6. Kifundo. Ni kile kidoti kilichoinuka katikati ya ua. Toa sindano, zungusha uzi kwenye sindano mara moja au mbili, uushikilie ukaze, kisha ingiza sindano karibu na ilipotokea. Usiingize kwenye tundu lilelile, kifundo kitapitiliza kwenda nyuma. Mimi nilipoteza vifundo kumi na moja kabla sijapata kimoja. Ukitaka kikubwa, ongeza nyuzi, si mizunguko.

7. Kujaza. Huu ndio wa majani na petali zilizojaa. Unalaza mishono sambamba, mmoja ubavuni mwa mwingine, kutoka ukingo mmoja wa mchoro mpaka wa pili. Kwanza zungushia mchoro kwa mshono wa kurudi nyuma, kisha jaza juu yake, ukingo utakuwa safi. Anzia katikati ya jani uende upande mmoja, kisha urudi katikati uende upande wa pili, itakusaidia kulinda mwelekeo. Mshono usizidi sentimita 1 kwa vitu vya kufuliwa mara kwa mara, kwa sababu mrefu hunaswa na kuvutika. Jani likiwa pana, ligawe mara mbili kwa mstari wa katikati.

8. Ukingo. Ndio unaouona kwenye blanketi. Unashona kutoka kushoto kwenda kulia. Toa sindano kwenye ukingo wa kitambaa, iingize juu kidogo na kulia kidogo, itokee ukingoni tena uzi ukiwa chini ya sindano. Uzi unajifunga ukingoni kama fensi ndogo. Unafaa kuzungushia vitambaa vya meza, na pia kushonea kiraka kikaonekana pambo.

Mishono minane, siku nane. Shona yote kwenye kipande kimoja cha kitambaa, mstari kwa mstari, kisha kihifadhi. Hicho ndicho daftari lako. Cha kwetu kina alama ya chai na tone la damu, na hatukitupi.

Kazi ya kwanza: foronya

Baada ya mazoezi, usikimbilie shuka zima. Utachoka na litakaa sandukuni. Anza na foronya moja.

Fungua mshono wa upande mmoja ili kitambaa kilale wazi, la sivyo utajikuta umeshona pande zote mbili pamoja. Weka mchoro pembeni, karibu na mdomo wa foronya. Usiweke maua katikati, hasa vifundo. Anayelala ataamka na alama shavuni. Chora kijiti kimoja kilichopinda, majani manne na maua matatu. Kijiti kwa shina, majani kwa kujaza, maua mawili kwa petali na moja kwa mnyororo, katikati vifundo vya njano. Zungushia mdomo wa foronya kwa mshono wa ukingo. Rangi tatu zinatosha. Ukishona saa moja kila jioni, wiki mbili utakuwa umemaliza.

Kwenye nguo, faida ya kudarizi ni kuficha. Blauzi yenye doa lisilotoka kifuani, gauni la mtoto lililotobolewa na msumari, sare iliyotoboka kiwiko, hivyo vyote vinaweza kupewa maisha mapya. Kwa tundu, kwanza liweke kiraka kidogo upande wa ndani, ushikize, ndipo ua likae juu. Kwa fulana inayovutika, weka upande wa nyuma kipande cha kile kitambaa kigumu ambacho mafundi huweka ndani ya kola, ili mishono isijikunje.

Na usidharau mapambo ya kwetu. Kofia za mkono za Zanzibar na Lamu hushonwa kwa sindano na uzi, nukta kwa nukta na tundu kwa tundu, na iliyo nzuri huchukua wiki nyingi, hata miezi. Kanzu nazo hupambwa kwa darizi shingoni. Ukitafuta mchoro, si lazima iwe waridi la kwenye kitabu. Angalia pindo la kanga yako, angalia ua la korosho au jani la muhogo nje ya dirisha. Binti yangu alichora la muhogo, na limependeza kuliko waridi langu.

Kufua na kutunza

Fua kwa mkono, maji ya baridi na sabuni ya kawaida. Usiloweke kwenye jiki na usisugue juu ya maua. Usinyonge, bali kamua kwa kubana ndani ya taulo. Anika kivulini. Pasi ipigwe upande wa nyuma, maua yakiwa yameangalia chini juu ya taulo nene, ili yasilale.

Je, inalipa?

Wasomaji wengi mtaniuliza hili, kwa hiyo niseme wazi. Inaweza kulipa, lakini usiache kazi yako kwa ajili yake. Mashine hudarizi kwa dakika kazi yako ya siku nzima, na bei yake huwezi kushindana nayo. Unachouza wewe ni jina la bwana na bibi harusi, ni ua alilochagua mteja mwenyewe, ni kitu ambacho hakipo kingine.

Tatizo la kinamama wengi ni kutohesabu muda. Chukua mfano: kitambaa cha foronya mbili shilingi 8,000, nyuzi shilingi 3,000, na umeshona saa 10. Ukijilipa shilingi 1,500 tu kwa saa, kazi yako ni shilingi 15,000. Jumla ni shilingi 26,000. Ukiuza kwa 15,000 kwa sababu jirani amelalamika, umebakiwa na shilingi 4,000 kwa saa 10 za kuinamisha shingo. Bora umpe zawadi, ujue umetoa zawadi. Andika saa zako kwenye daftari kila unaposhona, ndipo utajua bei yako.

Ile kona

Tulipomaliza mishono minane, binti yangu alitandaza lile shuka mapajani mwa bibi yake. Tulizunguka soko zima la Morogoro na uzi mmoja wa zamani mkononi kulinganisha rangi. Kijani kilekile hakikupatikana, tulipata kilicho iva zaidi kidogo. Nikamwambia mama hazifanani. Akajibu, "Hata mikono haifanani. Shoneni."

Majani aliyashona binti yangu, ua nikalishona mimi. Ilituchukua jioni sita. Kila jioni mama aliomba kupapasa nyuma, na mara mbili alitufumulisha. Jioni ya mwisho alipitisha vidole vyake kutoka kwenye maua yake mpaka kwenye letu, akarudi, akapita tena. Kisha akamwambia mjukuu wake kwa utani wao, "Mke mwenzangu, hapa umenikaribia. Mama yako bado."

Tulicheka. Nikaona ndipo mahali pa kusema. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Haya mashuka sikuwahi kuyatandika." Akaendelea kupapasa. "Nilijua," akasema. "Shuka linalolaliwa huwa laini. Hili bado gumu kama lilivyotoka dukani." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Basi leo litandikeni."

Tulilitandika kitandani kwake. Ndiko lilipo mpaka leo, linafuliwa kila Jumamosi, na limeanza kulainika.

Mpenzi msomaji, kama una mama, shangazi au bibi anayejua kazi ya mikono, usisubiri macho yake yafifie. Kata marekani nusu mita, nunua vicha vitatu vya uzi, kaa naye chini jioni moja wiki hii umwombe akuonyeshe mshono mmoja tu. Na kama kuna kitu alichokushonea kiko sandukuni, kitoe leo kabla hajafika kukutembelea.

Wiki ijayo tutaendelea na kukata na kushona foronya yenyewe kwa mkono, kwa wale wasio na cherehani. Mpaka hapo, nakutakia sindano njema.